Mume Wangu Hakuwa Mtu wa Kugonga

Mume wangu hakuwahi kugonga mlango wa mtu maisha yake yote. Alikuwa anakohoa. Akifika uani kwako anakohoa mara moja, anasimama. Usipotoka anakohoa tena, kwa nguvu, mpaka mbwa wako mwenyewe anaona aibu. Hata ofisi ya kata alikuwa anakohoa. Kwa hiyo siku ile shemeji yangu, mdogo wake wa tumbo moja, aliposimama sebuleni kwangu akasema marehemu ndiye anayegonga chumbani mwangu, nilijua hapo hapo kwamba huyu ama amemsahau ndugu yake, ama kuna kitu anakitaka.

Alikuwa anataka nyumba.

Niseme mapema kwamba majina ya watu wote wa habari hii ninayo. Shule nilifika darasa la tatu, baba akasema ng'ombe wanahitaji mtu, nikaacha. Lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki. Nina majina ya waliobeba mawe ya msingi wa nyumba hii, nina majina ya ng'ombe niliotolewa mahari, hata yule mwenye pembe moja aliyemkanyaga mjomba wangu. Humu sitaandika jina hata moja. Wenyewe watajijua, na asiyejijua mke wake atamjulisha.

Watu wakisikia mkoa wa Mara wanafikiri kote ni joto la ziwani. Waje huku kwetu, Tarime ya juu, mwezi wa saba. Mtu wa Musoma akilala kwetu anaomba blanketi kabla hajaomba chai. Ukungu unakaa kwenye kahawa mpaka watoto wanarudi nyumbani mapumziko. Na mimi nina magoti. Baridi ikiingia mle ndani, kushuka kitandani ni kazi ya kuitia watu.

Binti yangu, yule anayefanya kazi hospitali Mugumu, ndiye aliyesema, "Mama, utapata joto la bomba." Mume wake ni fundi bomba, anazunguka kwenye mahoteli ya watalii huko Serengeti. Kulikuwa na mzungu mmoja aliyejenga nyumba kilimani, mtu wa kuogopa baridi kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Alipoondoka aliviacha vitu vyake viuzwe, na mkwe wangu akapata vyombo vya joto vyote: tangi la kuchemshia maji, kipampu kidogo cha umeme, na yale mabati mazito ya kusimama ukutani. Maji yanachemka jikoni kwa kuni na magunzi, pampu inayasukuma kwenye mabomba, yanapita ndani ya lile bati, bati linapata moto, chumba kinapata joto, maji yanarudi jikoni. Majirani walipoyaona walisema hizo ni rejeta, kama za lori. "Bibi ana nyumba ya injini," wakasema. "Siku moja ataiwasha aende nayo Sirari." Nami nikaziita rejeta. Jina zuri tu.

Kila rejeta ina koki mbili miguuni, moja huku na moja kule. Koki moja ina kofia tu. Ya pili ina kichwa kikubwa cheupe, na kichwa hicho kinasikia joto. Chumba kikishapata joto la kutosha, kichwa kinaifunga koki chenyewe, taratibu, bila kuambiwa. Nilikipenda. Ningepata watu wawili wenye tabia hiyo katika ukoo huu ningeshukuru.

Sasa kuna jambo ambalo wasomaji wa mbali lazima waelewe, vinginevyo watacheka pasipostahili. Kwetu mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hakioni kitanda changu, na mimi sikioni chake. Hatupeani mikono. Akinisalimia anasimama mbali, kwenye kahawa, anasema shikamoo mama, nami nasema marahaba baba, na hayo ndiyo mapenzi yetu. Sebuleni anaingia. Nyumba za siku hizi zina sebule, na wazee walishakubaliana kwamba sebule ni uwanja tu uliowekewa paa. Lakini chumbani, hapana.

Kwa hiyo vyumba vingine alivifunga mabomba akiwa ndani. Cha kwangu alitoboa ukuta kwa nje, akapitisha mabomba mawili, na binti yangu akawa ndani akifunga rejeta na koki kama alivyomwona mumewe akifunga kule sebuleni. Wakamaliza. Nikalala na shuka moja mwezi wa sita. Magoti yakanisamehe.

Halafu kukaanza kugonga.

Ko. Ko-ko. Ko-ko-ko-ko. Kama mtu mwenye haraka na fimbo ya chuma. Ilikuwa jioni, nimepiga magoti kusali, chumba kimeanza kuwa kizuri. Nikasema amina kabla ya wakati. Nikatoka, nikarudi, bado. Moto ulipozimika jikoni kikanyamaza. Kesho yake vile vile. Jirani alisikia, jirani akasema, na maneno ya nyumba yangu yana miguu kuliko mimi. Yakafika kwa shemeji.

Alikuja na watu, akasubiri ligonge, likagonga.

"Shemeji, unasikia?"

"Nasikia. Si kiziwi."

"Huyo ni kaka."

"Kaka yako alikuwa anakohoa."

"Marehemu akohoe na kifua gani?"

Watu wakacheka. Hata mimi kidogo nicheke, maana mdomo anao, hilo simnyimi. Akaona amepata nafasi, akaendelea. "Angalieni hata saa anazogonga. Chumba kikiwa baridi, kimya. Joto likianza kukolea tu, ko-ko-ko. Anasema nini? Anasema, wewe unaota moto, mimi huku udongoni nina baridi."

Hapo hakuna aliyecheka. Na mimi, niseme kweli, mgongo ulinisisimka. Kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa kweli. Ilikuwa inagonga joto likikolea, kama alivyosema. Siwakatai waliotangulia. Nimewamwagia uji wao tangu niolewe na sitaacha leo. Lakini nilimjua yule mtu. Alinifunika blanketi lake akalala na koti miaka mingapi. Leo ndiyo anionee wivu joto?

Shemeji akatoa hukumu yake. Jumamosi wazee wa ukoo wakae hapa hapa, moto uwashwe. Ikigonga mbele yao, mbuzi achinjwe, atamtoa yeye awe mbuzi wa nyumba hii, na mimi nihamie kwake, chumba cha nyuma karibu na zizi, nikatunzwe. Nyumba isiachwe tupu. Kuna watu wa mgodini wanatafuta pa kupanga.

"Na isipogonga?" nikamuuliza.

"Itagonga."

"Sikukuuliza hilo. Isipogonga?"

Akawaangalia wenzake. "Basi ukae."

"Mmesikia wote," nikasema. Nikawataja mmoja mmoja kwa jina lake na la baba yake, ili asiwepo wa kusema kesho kwamba hakuwepo. Shemeji, kwa vile alikuwa na uhakika, alimleta mbuzi jioni ile ile akamfunga kwenye migomba yangu. Mbuzi jike, mweusi, mwenye tumbo. Akaanza kula majani yangu kabla hata ya kesi kusikilizwa.

Nikampigia mkwe simu. Fundi mwingine hakuwepo. Mmoja wa mjini Tarime tulimwelezea, akauliza ni rejeta ya lori gani. Mkwe akaja na pikipiki, akasimama kwenye kahawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Za Mugumu?"

"Nzuri. Mke mwenzio anakusalimu, yuko zamu." Hivyo ndivyo anavyomwita binti yangu akitaka kunichekesha, kwa kuwa binti ana jina la bibi yangu, na bibi na mjukuu huitana wake wenza. "Nimesikia mzee anagonga."

"Mzee halali na spana, baba. Kuna kitu humo. Kitafute."

Kitu gani, na atakitafutaje? Kilichokuwa kinagonga kilikuwa chumbani, na yeye chumbani haingii. Akasimama nje ya dirisha langu, nikashusha pazia, naye juu ya hilo akanipa mgongo, akawa anaangalia migomba. Ndivyo tulivyofanya kazi. Alikuwa anaongea na migomba, nami ninajibu kutoka ndani. Mama mmoja aliyekuwa anatoka kuchota maji alisimama kabisa na ndoo yake kichwani.

"Fundi, migomba inasemaje?"

"Inasema upite, mama."

Kwanza alidhani ni upepo umenaswa kwenye maji. Akanipitishia kwa chini ya pazia ufunguo mdogo, nikafungua kijiskurubu pembeni ya rejeta, ikafyonza na kulia kama nyoka, halafu ikanitemea maji usoni. Tukawasha moto. Joto lilipokolea: ko-ko-ko. Akaenda jikoni akapunguza mwendo wa pampu. Ko. Ko. Imepunguza haraka tu, adabu bado.

Binti akapiga simu kutoka zamu. Nilimweka kwenye spika ili mumewe asikie. "Mama, mwache aingie. Dakika tano. Ni kazi, si ugeni. Mambo gani haya mwaka huu?"

"Mwaka huu umefanyaje?" nikamuuliza. "Mwaka huu mimi si mama yake?"

Kule nje nilimsikia mkwe akishusha pumzi, na nilijua ni ya shukrani. Binti zetu wanafikiri heshima ni kitu tunachowafanyia wanaume. Yule kijana angeingia siku moja, kesho shemeji angekuwa na la kusema kubwa kuliko rejeta: mkwe ameonekana chumbani kwa mama mkwe. Angenitoa kwa hilo, na wazee wote wangekubali. Nyumba yangu nilitaka kuishika, na mlango wa chumba changu pia. Sikuona kwa nini niuze kimoja ninunue kingine.

"Mama," mkwe akaiambia migomba, "naomba macho yako. Na mikono. Tuache moto ufe kwanza, bati lipoe, halafu tuwashe upya. Ukae hapo, ushike mabomba yote mawili yanapotoka ukutani. Uniambie lipi linapata moto kwanza."

Nikaketi sakafuni, magoti yakilaani. Moto ukawashwa. Nikashika bomba la kushoto, la koki yenye kichwa, na la kulia, la koki yenye kofia. Nikangoja.

"La kulia," nikasema.

"La kofia?"

"La kofia. Hili la kichwa bado ni baridi kama pua ya mbwa."

"Na sebuleni? Nenda ushike, mama, tafadhali."

Nikaenda. Sebuleni moto ulianzia upande wa kichwa. Nikarudi nikamwambia.

"Kwenye shingo ya ile koki ya kichwa, chini, pitisha kidole. Kuna mshale umechongwa."

Niliutafuta kwa kidole nikaupata. "Upo. Unaangalia rejeta."

"Na maji yanatoka kwenye rejeta yanakuja kwake," akasema taratibu, kama mtu anayeona ng'ombe wake kwenye shamba la jirani. "Yanamjia kwa nyuma. Akitaka kufunga mlango, maji yanausukuma, anafunga, yanasukuma, anafunga. Ndiyo hiyo ko-ko-ko. Chumba kikiwa baridi hagongi kwa sababu hajataka kufunga. Mama, ni mimi."

Akanieleza. Katika vyumba vingine alikuwa ndani, na bomba la maji ya moto aliliweka kushoto kwake. Chumbani kwangu alifanya vile vile, kushoto kwake, ila alikuwa nje. Kushoto kwa aliye nje ni kulia kwa aliye ndani. Na binti, kwa kuwa sebuleni aliona kichwa kimekaa kushoto, akakiweka kushoto.

Nilicheka mpaka machozi. Heshima ya mkwe wangu ndiyo iliyokuwa inagonga chumbani mwangu, na shemeji anaichinjia mbuzi.

Akasema anaweza kuvunja ukuta kwa nje, ayabadilishe mabomba kule kule. Nikakataa. Nyundo ikianza kulia kwenye ukuta wangu siku mbili kabla ya wazee kukaa, kijiji kizima kitasema nyumba imeshaanza kubomolewa. "Koki zitabadilishana," nikasema. "Kichwa kiende kulia, kofia ije kushoto. Nitafanya mimi. Wewe niambie."

"Nati zake ni ngumu, mama."

"Nimekamua ng'ombe wa ukoo huu tangu nina meno yote. Niambie."

Akafunga maji jikoni, akazima pampu. Nikaweka beseni na matambara. Akanipitishia spana kwa chini ya pazia. Ya kwanza haikukaa kwenye nati.

"Basi tumia ile nyingine," akasema. "Ile… inayobana… ile inayokubali kila nati."

Sasa spana hiyo mafundi wote wa nchi hii wana jina lake, na ni jina ambalo kijana hawezi kulitamka mbele ya mama wa mke wake hata ukimshikia panga. Nililijua. Marehemu alikuwa na baiskeli.

"Ile yenye tabia mbaya?" nikamuuliza.

Akakohoa. Alikohoa vizuri, kama baba mkwe wake.

Nati ilikataa. Akasema nitie kipande cha bomba kwenye mkia wa spana uwe mrefu, nisukume kwa uzito wa mwili badala ya mkono. Nikatia, nikajiegemeza, nikasikia kitu kinasema kwik, nikafikiri ni bega langu. Ilikuwa nati. Maji yakashuka kwenye beseni, meusi kama ya kuoshea masufuria ya msibani. Nikatoa koki hii, nikatoa ile. Mkwe aliniambia pete za shaba zilizo kwenye bomba niziache hapo hapo, nikaziacha. Nikazungusha ule utepe mweupe kwenye nyuzi za koki, nikaupitisha kinyume, ukajikunja wote, nikatukana, migomba ikajifanya haijasikia, nikazungusha tena. Kichwa kulia. Mshale unaangalia rejeta, na maji yatamjia kwa mbele sasa, kama mgeni mwenye adabu. Jioni mikono ilikuwa na malengelenge hata kikombe sikukiweza. Chai nilinywea bakulini.

Jumamosi wazee wakaja. Moto niliwasha mwenyewe, wakiniona. Mkwe alikaa nje barazani na kofia yake magotini. Sikumwambia mtu kwamba koki zimeguswa. Hakuna aliyeniuliza, waliuliza tu chai iko wapi.

Mlango wa chumba uko wazi, pazia limeshushwa, watu wametega masikio. Joto likaanza. Mzee mmoja akavua koti. Mwingine akavua viatu, akanyoosha miguu kuelekea rejeta ya sebuleni, akafumba macho. Shemeji akasogea, akaweka sikio ukutani.

"Kuni ni chache," akasema.

"Ongeza, shemeji. Jiko unalijua."

Akaenda kuongeza. Alirudi akasikiliza, akaenda tena. Sijawahi kuhudumiwa hivyo tangu niingie ukoo huu. Nyumba ikawa kama tanuri la mkate. Aliyefumba macho akaanza kukoroma, na hiyo ndiyo ikawa sauti pekee.

"Ameona wazee," shemeji akasema mwishoni. "Amenyamaza kwa heshima."

Mzee aliyevua koti akamgeukia, akamwita kwa ule mwito wetu wa vijana. "Mura, kaka yako huyo, ni lini aliwahi kunyamaza kwa ajili yetu?"

Walicheka mpaka wa kukoroma akaamka akauliza nani amekufa.

Nikasimama. Nikawaambia mkwe wangu ndiye aliyekuta kasoro, na kasoro ilikuwa ipi, na mikono iliyoiondoa ni hii. Nikawaonyesha malengelenge. Nikasema, asitafutwe marehemu wa kusukumiwa mambo ya koki. Halafu nikataja majina. Aliyechimba msingi. Waliobeba mawe kutoka mtoni, wanaume kwa wanawake. Aliyechoma tofali, aliyekuwa analeta maji ya kumwagilia kuta, aliyepigilia bati na kuanguka na kuvunjika mkono na kumalizia kwa mkono mmoja. Wengine walikuwa wamekaa mle mle, wakainua vichwa waliposikia jina lao. Wengine ni marehemu, na watoto wao walikuwepo. Niliwataja wote, sikuharakisha. Nilipomaliza, kila mtu alikuwa ameshajua jina ambalo halikutajwa. Na shemeji alijua. Alikuwa anaangalia kuni mkononi mwake.

"Sihami," nikasema. "Chakula kipo."

Wakati wa kuondoka shemeji akapitia kwenye migomba kumfungua mbuzi wake.

"Mwache," nikamwambia.

"Shemeji, kesi imekwisha. Hachinjwi."

"Nani amesema achinjwe? Ulisema mbele ya watu ni mbuzi wa nyumba hii. Nyumba ipo. Na amekula majani yangu wiki nzima, shemeji, ameshakuwa mkazi."

Wazee wakasimama njiani kusikiliza. Yule wa koti akasema tu, "Mura, twende."

Mbuzi ameshazaa, wawili. Banda nilimjengea upande wa kahawa, zuri, lina paa. Halali humo. Baridi ikishuka anakuja na wanawe kulala nyuma ya chumba changu, pale pale mabomba yanapoingia, wamejibana kwenye ukuta. Nawasikia wakicheua. Nikiwa kitandani, hayo ndiyo ninayoyasikia.